Harriet Monroe, mshairi aliyehakikisha washairi wanalipwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Harriet Monroe ni nani hasa?

Ni mshairi na mhariri wa Chicago, Marekani, aliyeanzisha jarida la Poetry mwaka 1912 na kuliongoza mpaka alipofariki mwaka 1936. Ukisoma ushairi wa Kiingereza wa karne ya ishirini, iwe chuoni au kwa kujipendea, utakutana na T.S. Eliot, Ezra Pound, Wallace Stevens, Marianne Moore, Carl Sandburg. Wote hao walipita mezani kwake wakiwa bado hawajulikani, au wakiwa wanajulikana na marafiki zao tu.

Mashairi yake mwenyewe hayasomwi sana siku hizi, na sioni haja ya kulificha hilo. Kazi yake kubwa ilikuwa uhariri.

Alizaliwa wapi na alilelewa vipi?

Alizaliwa Chicago tarehe 23 Desemba 1860. Baba yake, Henry Stanton Monroe, alikuwa mwanasheria mwenye maktaba nzuri nyumbani, na binti alijifungia humo akisoma Shakespeare, Byron na Shelley. Mwaka 1871, Harriet akiwa na miaka 10, moto mkubwa ulioteketeza Chicago uliunguza ofisi ya baba, na mambo ya familia hayakurudi tena kama zamani. Alipelekwa kusoma shule ya watawa huko Georgetown, Washington, akamaliza mwaka 1879. Hakuolewa.

Dada yake Dora aliolewa na John Wellborn Root, mmoja wa wasanifu majengo waliobuni maghorofa ya mwanzo ya Chicago. Kupitia kwa shemeji huyo Harriet alizoeana na wasanii na matajiri wa mji. Uzoefu huo tutauona ukimfaa baadaye, siku ya kutafuta pesa.

Nimesikia aliandika shairi la maonyesho makubwa ya Chicago. Ilikuwaje?

Chicago ilipopewa maonyesho ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika, Monroe aliwaendea waandaaji na kuwaambia kwamba sherehe ya namna hiyo haiwezi kufanyika bila ushairi, na kwamba mshairi wa kuiandikia ni yeye. Walikubali, naye akadai dola 1,000, akalipwa. Kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa nyingi kwa shairi moja, na zaidi kwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo ambaye jina lake halikuwa limevuka mipaka ya mji.

Utenzi huo ulisomwa na kuimbwa tarehe 21 Oktoba 1892, siku ya uzinduzi, mbele ya umati mkubwa. Alichapisha pia vijitabu vyake akitarajia wageni wa maonyesho watavigombea. Havikununuliwa, na majira ya baridi yaliyofuata alivitumia kama kuni za jiko la chumbani kwake. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe.

Na ile kesi dhidi ya gazeti?

Wiki chache kabla ya uzinduzi, gazeti la New York World lilipata nakala ya shairi hilo na kulichapisha bila ruhusa yake. Akaenda mahakamani. Gazeti lilikuwa na mawakili wazuri na pesa ya kuburuza kesi miaka na miaka, lakini Monroe hakurudi nyuma. Mahakama ilimpa fidia ya dola 5,000, na mwaka 1896 gazeti lilishindwa kwenye rufaa. Msingi wa hukumu ulikuwa kwamba mwandishi ndiye mwenye haki ya kuamua kazi yake itoke lini na kwa njia gani kwa mara ya kwanza.

Mimi huwa naitazama kesi hii kuliko shairi lenyewe. Ndani yake unamwona mhariri wa baadaye akiwa ameshakamilika: mtu anayeamini kwamba shairi ni kazi, na kazi ina malipo na mwenyewe.

Wazo la kuanzisha jarida lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye hasira, kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1909 Monroe alianza kuandika uhakiki wa sanaa katika gazeti la Chicago Tribune. Kazi hiyo ilimpeleka kwenye maonyesho ya picha na sanamu, na kila alikokwenda aliona wachoraji wakipewa tuzo, wakinunuliwa kazi, wakijengewa majumba. Washairi hawakuwa na lolote. Majarida ya wakati ule yalitumia mashairi kuzibia nafasi iliyobaki chini ya hadithi, na mhariri alichagua shairi kwa urefu wake kabla ya kulisoma.

Mwaka 1910 alifunga safari ndefu kwenda kumtembelea mdogo wake Lucy, ambaye mumewe alikuwa balozi wa Marekani nchini China. Alipitia London, na huko alipata vitabu vya kijana mmoja wa Kimarekani aliyeitwa Ezra Pound, akavisoma kwenye treni akivuka Siberia kwenda Peking. Aliporudi Chicago mwaka 1911 alikuwa na miaka 50, na shauri lilikuwa limeshakatwa.

Pesa alizipata wapi?

Hapa ndipo mahali ninapopenda zaidi katika maisha yake, kwa sababu majarida ya fasihi huanza kwa moyo na kufa kwa deni. Yeye alianza na hesabu.

Rafiki yake Hobart Chatfield-Taylor, mwandishi mwenye nafasi, alimpa shauri: tafuta watu 100, kila mmoja aahidi dola 50 kwa mwaka, kwa miaka mitano. Hiyo ni dola 5,000 kila mwaka, na inatosha kuchapa, kulipa kodi ya ofisi na kuwalipa waandishi. Kwa tajiri wa Chicago dola 50 hazikuwa kitu. Tena hakuna hata mmoja aliyetoa kiasi cha kumpa kiburi cha kumwelekeza mhariri achapishe nini.

Monroe akaanza kupanda ngazi za maofisi. Mabenki, mawakili, wenye viwanda, wauza nyama, wake zao. Alikaa mapokezi akisubiri kama mtu mwingine yeyote mwenye shida yake. Wapo waliomcheka, na wapo waliotia saini ili tu aondoke. Alipita lengo lake: wachangiaji walizidi mia. Yeye mwenyewe mwanzoni hakujilipa mshahara, aliendelea kuishi kwa kalamu ya gazetini. Kila mshairi aliyechapishwa, hata yule wa shairi moja la beti mbili, alipata hundi yake.

Wenzetu waliowahi kuchangisha harambee ya kitabu wataelewa ugumu wa jambo hili kuliko maprofesa.

Toleo la kwanza lilikuwa na nini?

Lilibeba tarehe ya Oktoba 1912, bei senti 15. Lilikuwa dogo, la kuingia mfukoni. Kwenye jalada lilibeba maneno ya Walt Whitman kwamba hakuna washairi wakubwa pasipo hadhira kubwa. Ndani mlikuwa na shairi la William Vaughn Moody, aliyekuwa ameshafariki, na mashairi mawili ya Pound. Moja la Pound liliwaita Wamarekani kundi la wajinga, na malalamiko yakaanza kumiminika hapohapo. Kwa jarida jipya hiyo haikuwa hasara.

"Sera ya mlango wazi" maana yake nini?

Katika toleo la pili, Novemba 1912, Monroe aliandika msimamo wake: jarida halitajifunga na kundi lolote wala mtindo wowote. Litachapisha shairi zuri la wakati huo, liwe na vina au lisiwe navyo, limetoka kwa nani au wapi. Aliomba kwamba mshairi mkubwa wanayemsubiri asije akaukuta mlango huo umefungwa, au hata umerudishwa nusu.

Aliishika ahadi hiyo hata pale ilipomtia aibu. Mwaka huohuo wa 1913 aliochapisha mashairi mafupi makali ya H.D. (mshairi Hilda Doolittle) na masharti ya Pound ya kukataa maneno ya mapambo, alichapisha pia shairi la Joyce Kilmer kuhusu miti, tamu kama sukari guru, ambalo watoto wa shule Marekani walilikariri kwa vizazi. Wahakiki wamemcheka sana kwa hilo. Lakini wamesahau kwamba mlango wenye bawabu mkali usingeitwa wazi.

Si kweli kwamba Ezra Pound ndiye aliyekuwa mhariri halisi?

Hadithi hiyo imeenea, na imeenezwa zaidi na watu wa upande wa Pound. Ukweli ni huu: Monroe alimwandikia mwaka 1912 akiomba mashairi, Pound akajibu kwa shangwe na akawa mwakilishi wa jarida huko Ulaya. Kutoka London alituma vitu ambavyo Chicago isingevipata kwa njia nyingine: H.D., Yeats, Tagore, Eliot. Alituma pia matusi. Barua zake kwa Monroe zimejaa maagizo na kejeli, na mtu akizisoma hizo peke yake atadhani yule mama wa Chicago alikuwa karani wa posta.

Lakini Pound hakumletea Carl Sandburg. Wala Vachel Lindsay, wala Wallace Stevens, ambaye Monroe alimwokota kutoka kwenye miswada iliyokuja yenyewe mwaka 1914, toleo likiwa karibu kwenda mtamboni. Pound hakuchangisha hata senti. Isitoshe, ofisini alikuwepo Alice Corbin Henderson, msaidizi mwenye jicho kali, ambaye anastahili sifa nyingi kuliko anazopewa. Ndiye aliyehariri na Monroe ule mkusanyiko wa mashairi mapya wa mwaka 1917.

Pound na Monroe waliachana kwa kishindo. Mwaka 1919 Monroe alichapisha sehemu tu ya shairi refu la Pound lililotokana na Propertius, mshairi wa Kirumi. Toleo lililofuata akampa nafasi profesa wa Kilatini wa Chuo Kikuu cha Chicago amkosoe Pound kwa kutojua Kilatini. Pound alikasirika akajiuzulu. Kwa kosa hilo, kama lilikuwa kosa, Monroe alionyesha wazi nani alikuwa na funguo za ofisi.

Kwa nini "Prufrock" ya Eliot ilicheleweshwa?

Kwa sababu Monroe hakuipenda. Pound aliituma mwishoni mwa mwaka 1914 akisema hajawahi kupata shairi zuri kama hilo kutoka kwa Mmarekani. Monroe aliona mwisho wake unafifia, akataka mabadiliko. Pound akakataa kabisa hata kumfikishia Eliot maombi hayo. Mabishano yalichukua miezi, na shairi likatoka Juni 1915, likiwa limewekwa nyuma, baada ya mashairi ya watu ambao leo hakuna anayewakumbuka.

Wengi husoma kisa hiki kama ushahidi kwamba hakuwa na jicho. Mimi nauliza: wahariri wangapi unaowafahamu huchapisha kitu wasichokipenda, kwa ukamilifu wake, kwa sababu tu mtu wanayemwamini ameng'ang'ania?

Ni kweli alikuwa akikata mashairi ya watu?

Ndiyo, na wakati mwingine vibaya. Mfano mashuhuri ni shairi la Wallace Stevens la asubuhi ya Jumapili, ambalo leo huhesabiwa miongoni mwa mashairi makuu ya Marekani. Lilikuwa na beti nane ndefu. Monroe alichukua tano, na Stevens, aliyekuwa mtu wa kampuni ya bima asiyependa ugomvi, akakubali na kumpangia mfuatano wa hizo tano. Likatoka hivyo Novemba 1915. Stevens alizirudisha beti zote katika kitabu chake cha mwaka 1923, na wasomaji wakaona kilichokosekana.

Kisa cha Hart Crane ni cha aina nyingine, na kinanifurahisha zaidi. Mwaka 1926 Crane alimtumia shairi juu ya kaburi la Herman Melville, mwandishi wa riwaya za baharini. Monroe alilisoma, hakulielewa, akamwandikia bila kuzunguka: dadu zinawezaje kurithisha ubalozi? Macho yenye barafu yanainuaje madhabahu? Crane alijibu kwa barua ndefu akieleza kwamba sitiari ina mantiki yake isiyofuata mantiki ya kawaida, kwamba dadu zile ni mifupa ya mabaharia waliozama, iliyosagwa na bahari na kutupwa ufukweni, na hiyo ndiyo habari pekee waliyoacha. Badala ya kulikataa shairi, Monroe alilichapisha Oktoba mwaka huo pamoja na maswali yake mwenyewe na majibu ya Crane, kila kitu hadharani. Barua ile ya Crane sasa husomeshwa vyuoni. Isingekuwepo kama mhariri angejifanya ameelewa.

Sandburg naye?

Machi 1914 Monroe alifungua toleo kwa shairi la Sandburg linaloisifu Chicago kama mchinja nguruwe wa dunia. Jarida la heshima la mjini humo, The Dial, liliona huo si ushairi hata kidogo. Sandburg alikuwa mwanahabari asiye na pesa, mtoto wa wahamiaji kutoka Sweden. Mwaka huohuo Monroe alimpa tuzo mpya ya Levinson, dola 200.

Nani wengine waliopata pesa za Poetry?

Yeats alishinda tuzo ya mwaka 1913, dola 250. Alibakiza 50 na kuomba zile 200 apewe mshairi kijana, akimtaja Pound. Ernest Hemingway, kabla ya umaarufu wa riwaya, alitoa humo mashairi sita Januari 1923.

Rabindranath Tagore alitokea Desemba 1912, karibu mwaka mzima kabla ya kupewa Nobel.

Je, alichapisha washairi weusi?

Alichapisha, ingawa si kwa wingi ambao mlango wazi ungetufanya tutarajie. Mashairi ya bluzi ya Langston Hughes yalitoka humo mwaka 1926. Hughes huyu ndiye aliyekuja Kampala mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika pale Makerere, akiwa mzee wa heshima kati ya vijana. Gwendolyn Brooks, ambaye ni wa Chicago hasa, alianza kutokea katika Poetry miaka ya 1940, Monroe akiwa ameshazikwa.

Alikuwa upande gani katika ugomvi wa vina na mashairi huru?

Msomaji wa Kiswahili aliyefuatilia vita vya wanamapokeo na wanamabadiliko baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 atajikuta nyumbani. Marekani waligombana hivyohivyo miaka sitini kabla, kwa maneno yaleyale: huu si ushairi, hii ni insha iliyokatwakatwa. Monroe aliandika akitetea mashairi huru, lakini hakuwa shabiki wa kuvunja kwa ajili ya kuvunja. Alikuwa akibishana juu ya mapigo na mizani kwa undani wa fundi, akitaka kila mshairi aonyeshe kwamba anasikia mdundo wake mwenyewe. Mashairi yenye vina aliendelea kuyachapisha hadi mwisho.

Mashairi yake mwenyewe yana thamani?

Baadhi. Yale ya ujana ni ya mtindo wa kale, mazito, yenye viitikio na fahari za karne ya kumi na tisa. Baadaye alijifunza kutoka kwa vijana aliowachapisha, jambo ambalo washairi wa rika lake hawakulifanya, akaandika mashairi mafupi juu ya mashine, ghorofa na majangwa ya magharibi. Alikuwa mpanda milima hodari na mwanachama wa Sierra Club, chama cha wapenda milima na mazingira, na anapoandika juu ya mawe na nafasi tupu sauti yake hutulia. Anza na mkusanyiko wa mwaka 1935 alioteua mwenyewe. Lakini nathari yake, ile ya kumbukumbu za maisha iliyotoka mwaka 1938 baada ya kifo chake, ni bora kuliko beti zake.

Alifia wapi?

Arequipa, Peru, tarehe 26 Septemba 1936, akiwa na miaka 75. Alikuwa ametoka Buenos Aires kwenye mkutano wa waandishi wa PEN, na alikuwa njiani kwenda kuona magofu ya Wainka. Mshipa ulipasuka kichwani. Alizikwa hukohuko.

Jarida bado lipo?

Lipo, na linatoka Chicago bado. Wahariri waliomfuata walilivusha katika miongo ya ukata, mara kadhaa likinusurika kwa chupuchupu. Kisha mwaka 2002 Ruth Lilly, mrithi wa utajiri wa kampuni ya dawa, alitangaza kulipatia jarida zawadi iliyokadiriwa dola milioni 100, ambayo baadaye ilikua zaidi. Mama huyo alikuwa amewahi kutuma mashairi yake na kukataliwa. Kutokana na pesa hizo ikaundwa Poetry Foundation mwaka 2003, na mwaka 2011 jarida likapata jengo lake.

Kuna wanaolalamika kwamba jarida lenye mamilioni haliwezi kuwa na njaa ya kutafuta vipaji. Inawezekana. Monroe mwenyewe, nadhani, angechukua hundi ile bila kusita, kisha angeuliza malipo ya washairi yanapanda lini.

Nikitaka kusoma, nianzie wapi?

Matoleo ya zamani ya Poetry yamewekwa kwenye tovuti ya Poetry Foundation, husomwa bure, tangu lile la Oktoba 1912. Usianze na mashairi mashuhuri yaliyokatwa na kubandikwa kwenye vitabu vya shule. Fungua toleo zima la Juni 1915, soma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka umfikie Eliot kule nyuma, uone alikuwa amezungukwa na nani. Kisha nenda Oktoba 1926, uwasome Crane na Monroe wakibishana juu ya dadu.